Paa Moja, Milango Nane

Ndiyo, nilipanga pale. Miaka mitatu na miezi kadhaa, mlango namba tatu. Na hapana, usilipe deposit leo. Hata kesho usilipe. Kaa chini kwanza nikuelezee.

Ni Jumatano, jua imewaka tangu asubuhi mpaka mbwa ya jirani imeenda kulala ndani ya karai ya nguo. Lakini mimi ndio niko moto kuliko jua. Kijana mmoja msomaji wa hapa ameniandikia kuuliza kama ni kweli nilikaa yale magodauni ya pamba ya zamani hapa Kisumu, nyuma ya reli ukielekea bandari. Anasema sasa wametengeneza fleti, anataka kuchukua moja na bibi yake, mimi naonaje. Akanitumia na picha ya tangazo.

Hiyo tangazo nimesoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya nne nilikuwa nimesimama.

Wameandika ati ni nyumba yenye historia. Ati matofali ya mkoloni. Ati, na hii ndio ilinitoa kwa kiti, ukuta za ndani hazijafika juu makusudi, ili mpangaji afurahie paa wazi na hewa ya ziwa.

Makusudi.

Hiyo makusudi naijua. Nimelala chini yake. Ile ukuta haikufika juu kwa sababu kuna mtu alikula simiti.

Shida ya kuwa mtu wa utani ni kwamba ukikasirika, watu wanangoja ufike pahali pa kuchekesha. Leo mtangoja sana. Pahali pa kucheka iko, lakini kidogo, na mingine nilicheka mimi peke yangu na sikufaa kucheka.

Ilikuwa mwisho mwisho ya miaka ya themanini, tukiingia tisini. Pamba ilikuwa imekufa. Watu wa pamba walikuwa wamerudi nyumbani kulima mtama, na yale magodauni yalibaki yamesimama tu kama ng'ombe zimesahauliwa malishoni. Mimi nilikuwa mtu wa magunia. Nilinunua magunia tupu kwa watu wa mahindi na sukari, bibi yangu Perez anaosha, mimi nashona zile zimetoboka kwa sindano kubwa na uzi ya katani, halafu nauza kwa watu wa omena, zile dagaa za ziwa, na watu wa makaa. Darasa la tano ilinitosha kabisa. Gunia haiulizi cheti.

Basi mwenye nyumba mmoja, mtu anakaa Milimani, ana Peugeot na mtu wa kukata nyasi, akachukua godauni moja kubwa akaigawanya mara nane. Akaweka milango nane mbele, akapaka kila mlango rangi ya kijani, akaandika namba. Ndani akajenga ukuta ya kutenganisha, ikapanda mpaka pahali mtu mrefu akiinua mkono anagusa, halafu ikaacha. Juu ya hapo ni hewa, mbao, na bati moja ndefu kutoka namba moja mpaka namba nane.

Akaita hiyo fleti.

Mimi nilifurahi. Nitadanganya nini sasa, nilifurahi sana. Mlango ilikuwa pana, mkokoteni ya magunia inaingia bila kupiga kona. Mfereji ilikuwa ndani, Perez hakupanga laini tena. Na hilo jina. Nilienda nalo mpaka Katito, kwa wazazi wa Perez, nikaketi na wazee wa huko nikawaambia polepole kama mtu hajali: siku hizi tunakaa fleti. Mzee mmoja akauliza fleti ni ya ghorofa? Nikamwambia iko juu sana. Enyewe bati ilikuwa juu sana.

Maisha ya pale ilikuwa hivi. Mtu wa namba moja akipiga chafya, anapata pole saba. Ukikaanga samaki namba tano, namba mbili wanakula ugali na harufu. Bwana na bibi wa namba nne wakigombana, sisi wote tunajua nani amekosa, na asubuhi tunamwangalia hivyo. Na pamba ya miaka ile ilikuwa bado imejificha huko juu kwa mbao. Upepo ya ziwa ikiingia jioni, vipande vinashuka polepole, vinakaa kwa chai. Nilikuwa nikiwaambia wageni hiyo ni maziwa ya unga.

Nilizoea. Mtu anazoea kila kitu akiwa na miaka ishirini na saba.

Halafu mvua ya kwanza ikakuja, bati ikavuja. Ilivuja kwa namba saba peke yake, maji inaingia kwa kitanda. Tukaita landilodi. Alikuja na viatu safi, akasimama pale nje, akatuita wote nane, akatuhutubia. Alisema paa ni moja. Ikivuja kwa mmoja imevuja kwa wote. Kwa hivyo wote nane tuchange, fundi aitwe. Mtu wa namba moja, ambaye kitanda yake ilikuwa kavu kama biskuti, akauliza yeye anachangia nini. Landilodi akamwambia, "Wewe unalala chini ya paa ya nani?"

Tukachanga. Ilikuwa maneno ya mtu mzima. Fundi akaziba, na namba saba ikaendelea kuweka karai.

Sasa ngoja.

Mama ya Perez alikuwa anapoteza macho. Ukungu nyeupe ilianza kwa jicho ya kulia, ikahamia kushoto, mpaka akawa anajua watu kwa sauti na mwendo. Alikuwa mwanamke wa kulima, ana shamba Katito na mbuzi zake, na sasa alikuwa anafungiwa nyumbani kama kuku anataga. Perez alilia na hiyo mambo mwaka mzima. Tulizunguka hospitali kubwa mara sijui ngapi, mpaka daktari wa macho akampa siku: Jumatatu, kitanda ya asubuhi. Akikosa, anarudi mwisho wa laini, na laini hiyo ilikuwa ya karibu mwaka. Tena daktari akasema akishapasuliwa asirudi nyumbani kwa vumbi, akae mjini kama wiki mbili, dawa ya matone iwekwe kila baada ya masaa kadhaa na mtu msafi.

Mtu msafi ni Perez. Sasa Mama alale wapi?

Kama wewe si mtu wa huku, hapo hutaelewa shida iko wapi. Utasema si alale kwa sebule. Sikiliza. Kwetu Wajaluo, mama mkwe, tunaita maro, halali chini ya paa moja na bwana ya binti yake. Haifanyiki. Si chuki, ni heshima. Mimi na yeye hata kusalimiana tunasimama mbali, nageuza uso kidogo, naongea chini. Mtu kama mimi ambaye mdomo haijui kupumzika, mbele ya maro nilikuwa naonekana kama nimeokoka.

Mjini watu walishapata njia. Maro akikuja, unamuomba jirani, analala kwa jirani, mchana anashinda kwako. Hata Kaloleni, zile nyumba za kaunsili, zimeshikana mgongo lakini ukuta inapanda mpaka inashika bati, na wazee walishakubali: ukuta ikishika bati, hiyo ni nyumba ya mtu mwingine.

Umeona nilipo. Majirani nilikuwa nao sita. Wote walikuwa chini ya bati yangu.

Kuna watu wangetusaidia nje ya pale. Kwa geti ya godauni kulikuwa na Mama Zubeda, mwanamke Mwislamu, mjane, mzaliwa wa mji, anauza chai na mahamri kwa watu wa reli. Alikuwa anakaa Kaloleni, chumba na jiko. Perez alisema tumuombe. Mimi nikakataa. Nilimwambia Perez chumba ya Mama Zubeda imejaa, tutamsumbua mama wa watu.

Hiyo ndio ilikuwa sababu ya kusema. Sababu ya ukweli ni kwamba nilikuwa nimewaambia Katito nakaa fleti. Mama mkwe anakuja mara ya kwanza kuona mji, halafu mtu wa fleti anamlaza kwa muuza chai?

Namba sita mpangaji alikuwa amehama, ilikuwa tupu. Nikapanda baiskeli mpaka Milimani kuongea na landilodi. Nikamueleza yote, maro, macho, Jumatatu. Akaelewa haraka, yeye mwenyewe ni Mjaluo, ana mama mkwe. Akasema lipa nusu ya mwezi, Alhamisi fundi anakuja na mawe, anapandisha ukuta ya namba sita pande zote mbili mpaka inashika bati. Akanipa mkono. Nikalipa. Nikarudi nikiimba.

Nikamtuma mtu wa Katito aliyekuwa anauza viazi hapa, apeleke maneno kwa Mama: kuna nyumba yako peke yako, ukuta mpaka juu, usiwe na wasiwasi.

Alhamisi fundi hakuja. Ijumaa nikaenda Milimani, mtu wa nyasi akasema bwana ametoka. Jumamosi asubuhi nikasimama ndani ya namba sita, nikaangalia juu. Ukuta ilikuwa pale pale. Hewa ilikuwa pale pale. Nikasikia mtu wa namba mbili anasuuza meno.

Na hapa ndio nataka kusema kitu sijawahi kuandika.

Niliangalia ile pengo juu ya ukuta, nikajiambia: lakini yeye haoni.

Nilijiambia hivyo kabisa, kwa maneno. Mama haoni. Atajuaje ukuta imefika wapi? Nitanyamaza, nitawaomba majirani wanyamaze, Jumatatu anapasuliwa, akirudi macho imefungwa bandeji, na wakati bandeji inatoka fundi atakuwa amekuja. Perez aliponiangalia nikamwambia ni wiki moja tu. Alichukua ufagio.

Nikazunguka milango yote nikiomba. Watu walikuwa wazuri, tulikuwa na utu hapo. Mtu wa namba nne akasema hata bibi yake atagombana naye kwa ishara ya mkono peke yake.

Mama akafika mchana. Yule mtu wa viazi alimshika mkono mpaka geti. Alikuwa amevaa gauni ya kanisa na kitambaa nyeupe kichwani, ana kuku chini ya kwapa na kikapu ya njugu. Nilimsalimia kutoka mbali, nimegeuka upande. Alisema ameskia sauti yangu imenenepa, kwa hivyo biashara iko sawa. Perez akampeleka namba sita. Akagusa mlango, akagusa kitanda, akagusa ukuta kwa kiganja, mara mbili, hivi, kama mtu anapima ng'ombe. Akasema ni ukuta nzuri.

Mimi nilienda kwa namba tatu nikakaa juu ya magunia. Masaa matatu sikuongea. Kama ungenijua wakati ule, ungeita daktari.

Kisumu mvua inakuja saa kumi. Mtu wa huku hahitaji saa. Wingu linatoka upande wa milima ya Nandi, giza kidogo, upepo, halafu inaachilia. Siku hiyo ilianza kwa namba moja. Nasema hivyo kwa sababu ndio ilivyokuwa: ilipiga bati ya namba moja, ikatembea, namba mbili, ikapita juu ya kichwa yangu, nne, tano, ikafika sita, ikaenda mpaka nane, haikukatika pahali. Ni kelele moja ndefu. Na mama watoto wa namba moja, kwa ile mazoea, akasahau tuliomba nini. Akaita namba saba waweke karai. Na namba saba ikajibu imeshawekwa.

Halafu ikabaki mvua. Mvua tu.

Perez ndiye aliniambia ile ilitokea namba sita, kwa sababu mimi nilisikia tu sauti chini. Mama alikuwa ameketi kwa kitanda. Akauliza, kwa upole, "Nyathina, mtoto wangu, hii nyumba iko na paa ngapi?"

Perez akachukua ufagio tena.

Akauliza tena, "Na bwana yako analala upande gani wa hii mvua?"

Mama akasimama, akashika kuku yake, akatafuta kikapu yake kwa mguu, akatafuta mlango kwa mkono, akatoka. Mvua ilikuwa bado. Alifuata harufu ya mahamri mpaka kwa kibanda ya Mama Zubeda pale geti, akaketi kwa benchi, akasema anangoja gari ya Katito.

Jumamosi jioni. Kitanda ya hospitali ni Jumatatu asubuhi. Akirudi Katito, hatakuja tena, mimi namjua. Mwanamke wa aina ile akishaona amedanganywa na mji, mji imeisha. Angekaa na ukungu yake na mbuzi zake mpaka kaburi.

Niliruka kwa baiskeli kwa mvua hiyo hiyo. Nilipanda Milimani kama mtu anafukuzwa na nyuki.

Landilodi alikuwa kwa veranda, anakunywa chai. Mimi nilikuwa natiririka maji kwa sakafu yake ya rangi nyekundu. Sikukaribishwa kuketi. Nikamuuliza fundi ako wapi. Akasema mawe ilikosekana. Nikamwambia mama mzee ameketi kwa mvua kwa sababu ya mawe. Nikamuomba aje yeye mwenyewe na gari amwombe msamaha, au anirudishie nusu mwezi yangu nimtafutie Mama chumba ya lojing'i karibu na hospitali.

Akasema, "Mama ako na fleti namba sita. Ako na mlango yake, kufuli yake, ufunguo yake. Hiyo ni nyumba nyingine. Mnataka nini tena?"

Nikamwambia, "Mzee, wakati wa kuchanga ulituambia paa ni moja."

"Hiyo ilikuwa mambo ya mvua. Hii ni mambo ya mila. Mimi napangisha nyumba, sipangishi mila."

Akainua birika, akamimina chai ingine. Ya kwake.

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo. Nimeibiwa gunia mia kwa siku moja. Nimepigwa na askari wa kaunsili na rungu juu ya kitu sikufanya. Lakini nikitaka kukasirika vizuri, nikitaka hasira ile ya kupasha moto mwili wakati wa baridi, nakumbuka ile birika. Mtu huyo alijua. Angekuwa mgeni asiyejua mila yetu ningesema hakuelewa. Alikuwa na mama mkwe wake, na mama mkwe wake akija alikuwa anamlaza kwa nyumba ya wageni huko nyuma ya maua, na paa yake, na bomba yake. Mila ilikuwa ya watu wa kiwanja kubwa. Sisi tulipewa milango.

Nilirudi nikishuka polepole. Nilikuwa nimepanga nitamwambia Mama nini. Nitamwambia: landilodi ni mwizi, ametudanganya sisi wote, mimi na wewe tuko sawa. Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa hata na utani kidogo.

Nilipofika geti mvua ilikuwa imeisha. Mama alikuwa na kikombe ya chai mkononi na shuka ya Mama Zubeda mabegani. Perez alikuwa amechuchumaa karibu. Nikasimama mbali, nimegeuka upande, nikaanza hotuba. Landilodi, mwizi, fundi, mawe. Mama akasikiliza mpaka nikaishiwa.

Halafu akaniuliza kama asubuhi, kabla hajafika, nilijua ukuta haijaisha.

Mtu wa kuuza magunia ako na jibu ya kila kitu. Nilitafuta. Nikasema, "Nilijua, Mama."

Akasema, "Jumatatu nafunguliwa macho. Ulitaka nifunguliwe nione nini?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Mimi nilikuwa nimelowa maji mpaka kwa mfupa na ndio nikasikia baridi mara ya kwanza siku hiyo.

Kwa sababu landilodi alinidanganya mimi, ndiyo, na sijamsamehe. Lakini Mama hakudanganywa na landilodi. Hakuwahi hata kumjua. Mtu alimdanganya ni mimi, na nilichagua kumdanganya pahali macho yake haifiki. Ungesema nimeiba kwa kipofu na ungekuwa hujaongeza chumvi.

Ni Mama Zubeda aliokoa siku, na hata hakuuliza mtu. Alikuwa anafunga kibanda, anapanga sufuria. Akamwambia Mama, "Bibi, inuka twende kwangu Kaloleni. Chumba ni moja lakini ukuta inafika juu, wallahi nimepanda mwenyewe kwa meza kupaka chokaa." Halafu akanigeukia, akaniambia mimi nibebe kuku.

Nikabeba kuku. Nikatembea nyuma yao mbali, njia yote, mtu wa fleti na kuku.

Mama alilala kwa kitanda ya Mama Zubeda, Mama Zubeda akalala chini kwa mkeka na wasichana wake wawili. Jumapili Perez alienda asubuhi, akamwogesha Mama, wakaenda kanisa. Jumatatu wakafika hospitali kabla askari afungue geti. Alipasuliwa jicho moja, ile ya kulia, ingine ikafanywa mwaka uliofuata. Wiki mbili Perez alikuwa anatoka namba tatu mpaka Kaloleni na chupa ndogo ya matone, mara nne kwa siku, jua na mvua. Mama Zubeda alikataa kitu yoyote. Nilimpelekea magunia sita ya kuweka makaa, akachukua mbili, akasema zingine nikauze nimlishe Perez, mtoto wa watu.

Bandeji ilipotoka, Mama aliomba apelekwe kuona nyumba ya binti yake mchana, kabla ya kwenda nyumbani. Nilikimbia kufagia pamba. Alikuja, akasimama kwa mlango namba tatu, akainua uso. Aliangalia juu muda mrefu, zile mbao zote, ile bati, mpaka mwisho namba nane. Mtoto wa namba nne akamwangalia kutoka juu ya ukuta, alikuwa amepanda juu ya kabati. Mama akampungia mkono.

Kwangu hakusema kitu juu ya paa. Alisema nimekonda kuliko sauti yangu.

Ukuta haikujengwa. Nusu mwezi haikurudi. Landilodi alisema fleti ilikuwa pale, mgeni ndiye alikataa, na wiki iliyofuata akampa namba sita mtu wa nyavu. Tulikaa mwaka mmoja na kidogo baada ya hapo, halafu tukahama. Sasa wajukuu wa mtu huyo, au mtu alinunua kwa wajukuu, wanaandika makusudi. Wanauza hewa ile ile, bei ya Milimani. Na vijana wanalipa na kupiga picha.

Kijana, mimi siwezi kukukataza. Matofali enyewe ni mazuri, na hewa ya ziwa si uongo. Lakini umesema uko na bibi, na bibi ako na mama, na siku moja mama atakuwa mgonjwa, hospitali kubwa itakuwa huku mjini, na utasimama ndani ya hiyo fleti uangalie juu.

Kwa hivyo nakupa mapatano. Wewe na mtu yeyote anasoma hapa.

Nyuma ya nyumba yangu nimejenga chumba moja. Si kubwa. Iko na bati yake, mlango yake, kitanda, neti, na jagi ya maji. Perez aliichagulia pazia. Mama yake alilala hapo mara nyingi kabla hajatuacha, na alikuwa anagonga ukuta kwa kiganja kila akiingia. Maro yako akija hospitali, alale hapo. Wiki, wiki mbili, mpaka matone iishe. Silipishi. Perez atamwosha mgongo kama ni wa kuoshwa.

Yako ni moja tu. Kabla hajapanda gari kutoka nyumbani, mwambie nyumba yako iko aje. Yote, mpaka pahali ukuta inaachia. Akifika kwangu nitamuuliza umemwambia nini, na nitajua, mimi ni mtu wa biashara.

Tumeelewana?